Kuku wa Njeru

Asubuhi, kabla hujamwaga punje moja ya mahindi, mshike kuku wako kifuani, pale shingo inapoishia, upande wa kulia kidogo. Kuna kifuko hapo. Jioni kinakuwa kimejaa, kwa sababu kuku humeza kila kitu kwanza na mambo ya kusaga huyaacha ya baadaye. Asubuhi kinatakiwa kiwe kitupu, kimelegea. Ukikuta bado kimejaa, kuna kitu kimeziba na una kazi. Hilo nawapa bure, nyinyi vijana mnaoingia kazi ya mifugo sasa na simu zenu na gambuti zenu safi. Mimi nililipata kwa kugombezwa.

Nilifanya kazi ya kutibu mifugo miaka yangu yote ya nguvu, kwanza kule chini Gachoka kwenye joto, halafu huku juu karibu na kwetu Kanja. Nilikuwa msaidizi tu, mtu wa cheti, lakini mashinani mwenye sindano ndiye daktari, kwa hivyo wakaniita Daktari. Mpaka leo kanisani wako wanaoniita hivyo. Wengine huniita Mama Njeru. Njeru ni mwanangu wa pekee, na haya ninayotaka kuwaambia ni ya kuku wake. Lakini ngojeni kwanza mcheke kidogo, maana huko mbele hakuna kicheko kingi.

Wiki yangu ya kwanza Gachoka nilitumwa kuchanja kuku dhidi ya kideri, ule ugonjwa unaoingia bomani na kuwamaliza wote kabla hujajua umeingilia wapi. Nilijipanga vizuri sana. Chanjo kwenye flaski yenye barafu, koti jeupe limepigwa pasi, viatu vya kisigino kifupi. Nikafika saa sita mchana. Sasa nani alikuwa ameniambia kuku wa huko Mbeere hukaa nyumbani saa sita mchana? Walikuwa vichakani, kila mmoja na shughuli zake. Nikaanza kuwafukuza. Miiba ikanichana, kiatu kimoja kikabaki sijui wapi, nikaanguka katikati ya ndengu za watu. Akina mama wenye kuku walikuwa wamekaa kivulini wananitazama kwa heshima zote, midomo imefungwa kabisa, mpaka mmoja akauliza, "Daktari, hiyo chanjo ni lazima kuku akimbie kwanza?"

Ai! Walicheka mpaka wengine wakajilaza chini. Na mimi nikacheka, ningefanya nini?

Ndipo akaja Mzee Ireri kwa baiskeli yake. Huyu alikuwa msaidizi mkongwe wa eneo lile, mtu mfupi, mkali, asiyejua kunong'ona. Alinikuta natoa miiba miguuni. Akasema, "Wewe msichana, kuku hachanjwi akiwa matembezini. Kuja jioni wakishaingia, ama alfajiri kabla hawajafunguliwa. Na usije peke yako. Hii kazi ni ya watu wawili. Mmoja anashika, mmoja anatibu. Ukiona mtu anashika na anatibu yeye mwenyewe, huyo amekosa watu."

Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kuku kifuani asubuhi. Nilipomletea habari kwamba kuku wa fulani "anaonekana mgonjwa," alinifokea mbele ya kila mtu. "Anaonekana! Umemshika? Umemnusa mdomo? Umeangalia kinyesi? Macho ni ya kuangalia barabara." Nilimchukia karibu mwaka mzima, halafu nikawa namnukuu kila siku.

Jambo lingine ambalo hamtafundishwa chuoni ni swali. Utafika kwa mtu, utamchunguza kuku, utajikuna kichwa, na kabla hujasema neno mwenye kuku atakuuliza, "Daktari, analiwa?" Hataki kujua kama atapona. Anataka kujua kama sufuria iwekwe motoni. Huku kwetu kuku akianza kushusha mabawa, kisu kinakimbia kumwahi asije akajifia bure. Na mimi nilikuwa najibu bila hata kufikiria. Huyu analiwa. Huyu choma, zika mbali na maji. Nimejibu hilo swali kwa maisha yangu yote ya kazi na sikuwahi kukosa usingizi hata mara moja.

Sasa nije kwa Njeru.

Kwa wale mliozaliwa mjini, niwaeleze desturi moja. Mama wa huku kwetu hafugi kuku hivi hivi. Kila kuku ana mtu wake. Huyu ni wa pasta. Huyu ni wa dada yangu akitoka Meru. Yule wa shingo tupu ni wa watu wa posa wakibisha hodi. Ukishalitamka jina la mtu juu ya kuku, huyo amewekwa. Akija mgeni mwingine, hata awe mkubwa namna gani, utakimbia kwa jirani ukaazime kuku, lakini yule hutamgusa. Anamngoja mwenyewe.

Siku Njeru anaondoka kwenda Amerika, baba yake alikuwa ameshafariki na mimi nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Nilimwonyesha mtetea mmoja mwekundu, mwenye madoa meupe kifuani, hajaanza hata kutaga. Nikamwambia, "Huyu ni wako. Ukija Krismasi nakuchinjia." Akacheka, akanishika bega. "Mlishe vizuri basi, Mami. Nataka mwenye mafuta."

Krismasi hiyo hakuja, mambo yake ya makaratasi yalikuwa hayajakaa sawa. Iliyofuata alikuwa amepata kazi mpya, ruhusa hakuna. Iliyofuata nauli ilikuwa imepanda. Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Kazi anayofanya ni ya kutunza wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawavalisha soksi. Ni wazee wa watu wengine, lakini ni kazi safi na ninaiheshimu.

Yule mtetea akawa kuku mzima. Akataga, akaangua, akalea, akazeeka kidogo. Wenzake walichinjwa kila mmoja kwa mgeni wake. Yeye alibaki. Jina lake likawa hilo hilo, Kuku wa Njeru. Njeru hupiga simu Jumapili nikitoka kanisani, na tukishamaliza habari za baridi yao na mvua yetu, mimi humalizia kwa kusema, "Na kuku wako yupo." Naye hujibu, "Asante, Mami," na simu inakatika. Ilikuwa imekuwa kama amina ya maombi.

Nilipostaafu nilidhani nitapumzika. Hakuna anayewaambia ukweli kuhusu kustaafu, kwa hivyo nitawaambia mimi. Nyumba inanyamaza. Miaka yote ile watu walikuwa wananigongea mlango hata nikiwa nakula. Daktari, ng'ombe ameshindwa kuzaa, Daktari, mbwa ameumwa na nyoka. Halafu siku moja mwingine akapewa ile sindano, na njia ya kuja kwangu ikaota nyasi. Mnaweza kufikiri natia chumvi. Njooni muone.

Kuku wa Njeru ndiye aliyekuwa ananipokea. Nikifungua mlango wa jikoni asubuhi yuko hapo, anaingia kama mwenye hati ya shamba, anapanda juu ya gunia la mkaa, na ananiongelesha. Nami namjibu kwa Kiembu, kwa sababu nisingemjibu yeye, kuna siku ningefika jioni sijafungua kinywa. Nilikuwa namwambia bei ya kahawa. Nilikuwa namwambia nani amekufa. Msicheke.

Asubuhi moja nilifungua mlango na hakuwepo. Nilimkuta nyuma ya choo, amejikunja, manyoya yamesimama, macho nusu. Nikamshika kifuani. Kifuko kilikuwa kimejaa, kigumu kama viazi vilivyofungwa kwenye kitambaa, na alikuwa hajala kitu tangu jana yake mchana. Nikamnusa mdomo. Ulikuwa unanuka uchachu, wa uji uliosahauliwa. Nikajua. Alikuwa amemeza kitu kisichoshuka, na chakula chote kikajirundika juu yake. Kuku akiwa hivyo hufa kwa njaa na tumbo la mbele limejaa.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo kazi. Unamtenga, unaondoa nafaka zote. Unampa mafuta ya kupikia kidogo, matone tu, halafu maji ya vuguvugu. Unakikanda kile kifuko kwa vidole, polepole, kama unavyokanda ugali wa mtoto ukitafuta mabonge. Usimning'inize kichwa chini ati atapike, kama wanavyofanya wengi. Maji yataingia mapafuni na utakuwa umemuua wewe mwenyewe.

Lakini nani alikuwa wa kumshika? Mkono mmoja unashika kuku, wa pili unafungua mdomo, wa tatu uko wapi wa kumimina? Mara ya kwanza mafuta yote yaliniishia kwenye rinda. Mara ya pili aliponyoka akajigonga mlangoni. Nikakaa chini nikatweta, na maneno ya Mzee Ireri yakanijia. Huyo amekosa watu. Nilikaa pale sakafuni nikalia, niwaambie ukweli, na sikuwa nalia kwa sababu ya mafuta.

Halafu nikaingia chumbani kwa Njeru. Kwenye kabati lake kuna sweta lake la shule, la kijani, halijawahi kutoka pale. Nikamwingiza kuku ndani ya mkono wa lile sweta, kichwa kikatokea pale pa kiganja, mabawa yakabanwa vizuri bila kuumia. Hiyo ni mbinu ya zamani, na hata soksi nene inafaa kwa kuku mdogo. Akatulia. Kwa hivyo Njeru akanishikia, kwa namna hiyo. Nikammiminia mafuta, nikamkanda, nikampumzisha, nikarudia. Siku hiyo na iliyofuata sikufanya kitu kingine chochote. Kifuko hakikulegea hata kidogo.

Jirani yangu Mama Marigu ndiye mtu pekee anayekuja bila kuitwa. Ni mama mwema, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alisikia kuku anaumwa, akaja Jumamosi amebeba kisu na sufuria ya maji ya moto, tayari amefunga leso kiunoni.

"Mama Njeru, yuko wapi? Tumalize mapema, maji yasipoe."

"Hachinjwi huyo."

"Haiya! Si anakufa? Kwani umempa dawa kali, haliwi?"

"Analiwa. Lakini hachinjwi. Ni wa Njeru."

Mama Marigu akamtazama kuku ndani ya sweta, akanitazama mimi, akaweka sufuria chini. Yeye ni wa huku, hakuhitaji maelezo. Akasema tu, "Basi tutumie haya maji kupika chai," na akakaa mpaka jua likashuka.

Jumapili simu ikaja. Tukaongea baridi yao, tukaongea mvua yetu. Tulipofika mwisho nilifungua mdomo na maneno yakakataa. Sikuweza kusema yupo, na sikuweza kusema hayupo. Nikasema, "Haya basi, Mungu akulinde."

"Mami, hujasema habari ya kuku."

Miaka yote hiyo sikujua kama alikuwa anasikia. Nikamwambia, "Anaumwa. Anaumwa sana."

Akacheka kidogo. "Pole. Si umchinje tu ule supu? Mimi nikija utanipatia mwingine."

Hapo nilikasirika, na mimi si mtu wa kukasirikia mtoto wangu. "Huyo mwingine nitampata wapi, Njeru? Huyu ndiye niliyekuonyesha. Nikichinja huyu leo, kesho nitakuwa namngoja nani?"

Nilisikia mlango ukifungwa kwake huko, labda alitoka nje. Aliporudi sauti ilikuwa imebadilika.

"Ni yule yule? Yule mwekundu?"

"Yule yule."

"Mami, kwani kuku huishi miaka mingapi?"

Swali la kazi hujibiwa kikazi. Nikamwambia, "Wa kienyeji akitunzwa anafika minane, hata kumi. Ni vile hatuwaachi wafike."

"Na huyu ana mingapi?"

"Ana miaka ambayo wewe hujakuwa hapa."

Simu ilikuwa inahesabu dakika zake peke yake. Mwishowe akauliza, "Anameza?"

"Kwa shida."

"Sisi wazee wetu wakishindwa kumeza hatuwalazi. Tunawainua kichwa kidogo, tunaweka kijiko kando ya mdomo, si katikati, halafu tunangoja. Usiongeze mpaka umeona koo limesogea. Ngoja tu, Mami. Watu hushindwa kungoja."

Nilikuwa nalijua hilo, nimelifundisha mimi. Lakini nilimwacha anifundishe. Tuliongea mpaka salio likaisha, na ilikuwa ni juu ya kumeza, na jinsi ya kugeuza mgonjwa asichubuke, na bibi mmoja huko anayemwita Njeru kwa jina la mwanawe, naye anaitika. Sikuwa najua hayo yote. Ilikuwa mara ya kwanza tunaongea kama watu wa kazi moja.

Jumatatu asubuhi kifuko kilikuwa bado kigumu, na kuku alikuwa mwepesi kama gazeti. Kulikuwa kumebaki njia moja tu, kumpasua. Nimewahi kuifanya kazini nikiwa na mikono ya kazini. Sasa mikono hii inatetemeka nikimimina chai. Nikaenda kwa Mama Marigu, nikamwambia, "Njoo unishikie."

Nawaeleza hili mjue, lakini asiyefundishwa asijaribu, atamtesa mnyama bure. Tulikaa mlangoni palipo na mwanga. Nilinyonyoa manyoya ya kifuani kidogo, nikaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikadunga dawa ya ganzi niliyonunua mjini Runyenjes, nikangoja ishike. Mama Marigu alishika huku anaomba kwa sauti, macho amefumba. Nikamwambia, "Omba, lakini fumbua macho, unamsukuma." Nikapasua ngozi, halafu kifuko chenyewe. Kilichotoka ndani yake! Nyasi kavu zimejisokota, na katikati nyuzi za gunia la nailoni, ndefu, zimefunga kila kitu fundo moja. Nyinyi mnaotupa magunia yaliyochanika uani, haya ndiyo mnawalisha kuku.

Nikaosha, nikaanza kushona. Macho yalinikataa, Mama Marigu akanitilia uzi kwenye sindano. Unashona kifuko peke yake, kisha ngozi peke yake, usizishone pamoja hata ukichoka namna gani. Mikono ilitetemeka mpaka sindano ilipogusa, halafu ikakumbuka.

Siku zile za kwanza nilimlisha uji mwepesi na kiini cha yai kilichopondwa, kijiko kando ya mdomo. Niliweka, nikangoja koo lisogee. Nilingoja kama nilivyoagizwa. Siku zikapita, mara ana nguvu, mara hana. Halafu asubuhi moja nikamshika kifuani kabla ya kumpa chochote, na kifuko kilikuwa kitupu, kimelegea. Nilisimama hapo jikoni nimeweka mkono kifuani mwa kuku na sikutaka kuutoa.

Yupo mpaka leo. Ana kovu, anatembea upande upande, na hatagi tena. Bado anapanda juu ya mkaa, ila lile gunia la nailoni nimelitoa, nimeutia kwenye debe.

Njeru hajaja. Anasema ameomba ruhusa, na mimi nimesikia hilo kabla, kwa hivyo sijamwambia Mama Marigu. Lakini simu zake zimebadilika. Siku hizi habari ya kuku anaiuliza kwanza, kabla ya mvua. Na nitawaambia siri, msimpelekee: akija sitamchinja huyo kuku wake. Nitanunua jogoo wa Mama Marigu, nimpike, na wa kwake nitamwacha atembee chini ya meza amwone mwenye jina lake.

Sasa nyinyi vijana, mambo ya kideri na chanjo mtafundishwa na wengine. Mimi nina swali moja tu la kuwaachia. Kama uko mbali, na mama yako amekuambia kuna kuku wako nyumbani, usiseme asante ukakata simu. Muulize huyo kuku ana miaka mingapi. Halafu nyamaza, umngoje amalize kuhesabu.